Sahani ya Aika

Nilipofika msibani Ilala, nyuma ya soko la Mchikichini, turubai lilikuwa limeshafungwa, viti vya plastiki vimepangwa, na watu wanasubiri jeneza la Mwalimu, aliyenifundisha kazi, litoke hospitali. Sijamaliza hata kuvua viatu, Upendo, binti yake mkubwa, akanishika mkono akanivuta hadi koridoni karibu na jiko, macho yamemvimba, simu mkononi. "Shikamoo aunti. Pole na wewe. Hebu nipitie pitie hii historia ya baba, mchungaji akifika tu inasomwa." Nikaitikia marahaba, nikapokea simu. Neno hilo "pitia pitia" huwa linanipandisha presha, na watu wote wa kazi yangu ya uhariri wanalijua. Mtu anakuletea maandishi, anakwambia pitia pitia, ukimuuliza nipitie nikitafuta nini, anakushangaa. Lakini msibani hugombi. Nikasoma. Mwalimu alikuwa ameiandika mwenyewe siku zake za mwisho, kwa sentensi zake fupi fupi nilizozijua, alizaliwa wapi, akafundisha wapi, akafungua ofisi Kariakoo. Halafu nikafika hapa: "Katika ndoa yetu Mungu alitujalia watoto wanne." Chini yake majina matatu, Upendo, Neema, Elisante. Upendo alikuwa ananichungulia begani. "Ee, hapo nimepaona. Weka watatu. Baba alikuwa anaumwa, aunti, mambo yalikuwa yanamchanganya."

Kidole changu kilishagusa lile neno. Sikulifuta. Maneno hayo hayo, kwamba anaumwa, mambo yanamchanganya, niliwahi kuyasikia kwenye chumba cha juu Mtaa wa Sikukuu, tena mdomoni mwa Mwalimu mwenyewe, mwaka niliotimiza miaka ishirini na moja. Nikamwambia Upendo anipe nafasi kidogo. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa pale koridoni, wanawake wanapita na masinia ya mchele, na mwaka ule wote ukanirudia.

Mwalimu alikuwa ameacha chaki, akakodi chumba juu ya duka la vitenge. Humo kulikuwa na kompyuta moja yenye kelele, mashine mbili za taipu, meza tatu, na feni iliyokuwa ikigeuza shingo hadi kwenye dirisha inakwama, unaipiga kofi inaendelea. Vitenge vipya vina harufu yake, kali kidogo, na ilikuwa inapanda ngazi inakaa nasi siku nzima, pamoja na kelele za wapiga debe na wasukuma mikokoteni wanaoomba njia kwa matusi. Watu walituletea kila kitu, risala za harusi, katiba za vikundi vya kufa na kuzikana, tasnifu za wanachuo, mashairi, historia za marehemu. Kazi yangu ilikuwa kuchapa na kujifunza kuhariri. Saa saba mama lishe wa kona alituletea wali maharage na mchicha, tukala hapo hapo mezani huku tumefunika karatasi kwa gazeti. Mwalimu alikuwa anakula haraka, hasemi, akimaliza ananawa na kusema, "Haya Mwaju, tushone." Kwa sababu kazi yetu yote aliieleza kwa lugha ya mafundi wa Mchikichini, wale wanaokaa na vyerehani katikati ya mitumba. Mteja akija, kabla hajakaa vizuri, anaulizwa anataka ipi. Kupiga pasi ni kutoa makosa ya herufi na nukta, basi, huingizi mkono mahali pengine. Kupunguza ni kufupisha panapoburuta na kunyoosha sentensi iliyopinda. Kufumua ni kukata nyuzi zote, kuitawanya nguo mezani na kuishona upya. Alikuwa ameyaandika hayo matatu kwenye boksi lililopasuliwa, akalibandika ukutani, na chini yake sharti moja kwa wino mwekundu: HATUFUMUI MWENYE NGUO HAYUPO. Nilimuuliza maana yake. Akasema, "Ukifumua nguo, lazima umpime mwenyewe. Humpimi jirani yake."

Mama Gody alipanda ngazi zetu mara ya kwanza baada ya mvua za masika. Alikuwa na duka la vyombo mtaa wa pili, sahani, sufuria, hotpoti, mabeseni yamepandana hadi darini, na Kariakoo nzima ilimjua kwa ulimi wake. Siku hiyo ulimi ulikuwa umetulia. Alishika reli, akapumzika katikati ya ngazi, akafika juu anahema, akaweka mezani madaftari makubwa ya kaunta, yale yenye jalada gumu. Alikuwa ameandika maisha yake humo, dukani, wateja wakipungua. "Nisomee kidogo, mwanangu, nijisikie," akaniambia. Nikasoma. Mungu wangu, mwandiko! Nukta hakuna, herufi kubwa zimejiotea popote. Lakini ukisoma kwa sauti unamsikia yeye mwenyewe anaongea, na hakuna ukurasa ambao watu hawakula. Kila jambo aliloandika, hata la huzuni, lilimalizikia mezani: "Siku hiyo tulikula mtori. Tulikuwa fulani na fulani na fulani." Nikacheka. Naye akacheka, akajishika tumbo. Mwalimu akamuuliza swali lake, pasi, kupunguza, au kufumua. Mama Gody akamwangalia kama mteja anayetaka kumpunja. "Mwalimu, makosa ya mkono toa. Maneno yangu niachie. Nataka wajukuu wakisoma wanisikie mimi, wasimsikie mtu wa redio." Mwalimu akaandika kwenye jalada la kwanza, PASI, akapiga mstari chini yake.

Kwa miezi kadhaa alikuja na kuondoka, na nilimpenda, sioni haya kusema. Alikuwa akiniletea ndizi za kuchoma zimefungwa kwenye gazeti, akinikemea kwa wembamba wangu. "We mtoto wa pwani, utaolewa na nani na hiyo mifupa?" Anakaa kwenye kiti cha mbao, anafumba macho, mimi nasoma nilichochapa, na akisikia nimeweka neno langu anainua kidole. Nalirudisha lake. Kisha kiangazi kikaingia, akawa hapandi tena. Aliyepanda ni Gody, mwanawe, Godlisten, kijana mpole wa shati lililochomekewa, aliyekuwa akimsaidia dukani. Alikaa kwenye kiti kile kile cha mama yake. Akasema mama amelazwa hospitali, Upanga, na madaktari wamewaambia wanafamilia wajiandae. "Mwenyewe anajua ni vidonda vya tumbo," akasema, akashusha sauti kana kwamba mama yake yuko chini kwenye vitenge. "Tumekubaliana asiambiwe." Hilo halikunishangaza hata kidogo. Kwetu pia mgonjwa huambiwa utapona, ule uji, na mambo mengine yote yanazungumzwa nje ya mlango. Halafu Gody akayagusa madaftari. "Mwalimu, nataka kiwe kitabu cha maana. Mama anarudia rudia. Kila mahali wamekula, wamekula. Desemba ukoo wote unapanda Moshi, nataka kila nyumba ipate nakala, na mama awepo akiziona. Kifumueni."

"Mama mwenyewe anasemaje?" Mwalimu akauliza.

"Mama asisumbuliwe. Swali lolote niulizeni mimi."

Nikageuka kuangalia boksi la ukutani. Nilikuwa na uhakika Mwalimu ataonyesha lile sharti kwa kidole, kama alivyowaonyesha wateja wengi, hata wakubwa wakubwa wa maofisini. Hakuonyesha. Alikuwa anamwangalia Gody, na Gody alikuwa analia, kimya, anajifuta kwa mgongo wa mkono. Nani angemkatalia? Mwalimu akachukua daftari la kwanza, akakata PASI, akaandika FUMUA.

Sasa, nisiwe mnafiki. Kazi ile ilipendeza. Mwalimu alikuwa fundi. Alichukua utoto uliokuwa umetapakaa kwenye madaftari yote akaukusanya mahali pamoja, akaitoa safari ya kuja Dar kutoka mwishoni akaileta mbele, na mimi nikajifunza mengi kwa wiki zile chache kuliko nilivyojifunza mwaka mzima. Nilikuwa nachapa huku nashangilia moyoni. Mpaka siku nilipokutana na Aika. Aika alikuwa mtoto wao wa kwanza. Kwenye daftari, alikufa kwa surua akiwa anaanza kuongea vizuri, wakamzika migombani nyuma ya nyumba, na baada ya hapo ndipo wakateremka Dar na Gody mgongoni. Nilifungua ukurasa unaofuata, Krismasi yao ya kwanza Kariakoo, kwenye chumba cha kupanga: "Tulikula kiburu na nyama ya mbuzi. Tulikuwa wanne, mimi, Baba Gody, Gody na Aika." Nikadhani nimeruka kurasa. Nikarudi, nikasoma tena. Nikaenda mbele. Kipaimara cha Gody, Aika yupo. Duka linafunguliwa, wamekula chapati na maini, Aika yupo. Baba Gody amezikwa, wamekula makande, wamebaki watatu, mmoja wao Aika.

"Mwalimu," nikasema, "huyu mtoto amekufa juu huku, mbona anakula huku chini kote?" Alikuja, akasoma akiwa amesimama nyuma yangu. Alichukua muda mrefu kuliko ukurasa wenyewe. "Mama wa watu anaumwa," akasema. "Mambo yanamchanganya. Mtoto akishakufa hawezi kukaa mezani. Msomaji atashindwa kuelewa." Nikamwambia aliandika haya kabla hajalazwa, akiwa mzima, anauza sahani. Nikamwambia Upanga si mbali, saa ya kuona wagonjwa ni jioni, niende nikamuulize mara moja tu. Akanijibu kwa ukali ambao hakuwahi kunionyesha. "Mgonjwa hasumbuliwi, Mwaju! Unataka ukamuulize nini? Kwamba mwanao kafa, mbona unamwandika? Ndiyo swali la kumpelekea mtu kitandani?" Akanituma chai. Niliporudi na vikombe alikuwa amekaa kwenye meza yangu, kalamu nyekundu mkononi, anamtoa Aika ukurasa kwa ukurasa, mwenyewe, kazi ambayo kila siku alikuwa ananiachia mimi. Wanne anawafanya watatu. Watatu anawafanya wawili. Chai yake ikapoa ikaingia utando, hakuigusa, wala hakuniangalia.

Nakala ya kwanza ilitoka kwa mchapaji Novemba, jalada linang'aa, picha ya Mama Gody ya ujana wake mbele. Nikaenda nayo Upanga na Gody, saa ya kuona wagonjwa. Wodi ilikuwa na harufu ya dawa na ya ndizi mbivu. Yule mwanamke aliyenicheka mifupa alikuwa ameisha, amebaki macho na vitambaa. Akashika kitabu, akakigeuza, akakipapasa, akatabasamu. "Macho hayaoni tena herufi. Nisomee Krismasi." Nikajua. Wallahi nilijua pale pale, kabla sijafungua, na nikatamani ukurasa ule uwe umenata. Nikasoma polepole, chumba cha kupanga, mvua, jiko la mkaa la kuazima. "Tulikula kiburu na nyama ya mbuzi. Tulikuwa watatu."

"Na nani?"

"Wewe, Baba Gody na Gody, mama."

"Rudia."

Nikarudia. Akainua kidole, kile kile. "Aika yuko wapi?"

Gody akainama, akamshika bega. "Mama, pumzika. Aika alishafariki mama, siku nyingi."

"Najua amekufa! Nimemwogesha kwa mikono hii, wewe ulikuwa unanyonya. Nakuuliza kwenye kitabu yuko wapi." Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Akahema, akatafuta pumzi, ikaja kidogo. "Miaka yote naweka sahani yake. Naiweka, tunakula, naiosha. Unafikiri nilikuwa sijui kuhesabu? Mimi ni Mama Aika. Nimefika hapa Dar watu wakaniita Mama Gody, nikaitika, nikasema sawa, na yeye nitamweka kwenye daftari." Akanisukumia kitabu. Hakikuwa kizito lakini mkono wake haukuweza, kikaanguka sakafuni. "Mmenizikia tena mwanangu. Na safari hii hata hamkuniita mazishini."

Nilitembea kutoka Upanga hadi Kariakoo nikilia hadharani, watu wananipa pole, wanadhani nimefiwa. Nikapanda ngazi nikamweleza Mwalimu yote, na sikupunguza hata neno, nilikuwa na hasira naye. Alisikiliza mpaka mwisho. Akafungua droo, akatoa madaftari, akasema, "Chapa upya. Pasi tu." Tukaanza. Tulikuwa tunasomeana kwa zamu, lakini Mwalimu kila akifika mezani, kwenye majina, alikuwa ananipa daftari nimalizie mimi. Gody naye alikuwa ameshawaambia wachapaji waendelee. Nikamfuata dukani nikamsihi asimamishe. Alikuwa anafunga sahani kwenye majani makavu. "Aunti, mama anaondoka. Nikimkosa na kitabu nikikose?" Alikuwa ananiita aunti na tulikuwa rika moja. Nilirudi wodini peke yangu, bila karatasi za kuchapa, nikiwa na daftari lenyewe la kaunta. Alikuwa amewekewa mpira wa hewa puani na hafumbui macho. Nikamsomea Krismasi kama alivyoiandika, bila nukta, nikameza pumzi pale alipoimeza yeye, hadi kwenye Aika. Nikausoma ukurasa huo tena na tena mpaka nesi akanigusa akasema saa imekwisha. Kama alisikia, sijui. Watu wananiambia wagonjwa husikia. Mimi nilikuwepo, na sijui.

Alifariki kabla ya Krismasi. Vitabu vikapakiwa kwenye basi pamoja na waombolezaji, kila nyumba ikapata nakala yake, vizuri sana, karatasi nzuri, na mezani humo wamekaa watatu. Nina moja kabatini. Madaftari nilimrudishia Gody, akayaweka chini ya kaunta, na baadaye duka lilihama, naye nikampoteza. Mwalimu alilibandua boksi la ukutani siku tuliyofungua ofisi mwaka mpya. Hatukulizungumza jambo lile tena, si mwaka ule wala miaka yote niliyokuwa nikimtembelea, nimeshakuwa mhariri na mvi zimenitoka, tunakunywa chai tunasengenya vitabu vya watu. Mimi nilimhukumu kimoyomoyo. Nilisema huyu ni mtu wa sarufi, hajawahi kuzika mtoto, atajuaje.

Upendo akarudi koridoni. "Aunti, umerekebisha? Mchungaji kashafika, na jeneza limeshushwa." Nikasimama na simu yake, nikapita katikati ya wanawake hadi chumbani alikokaa mjane, Mama Upendo, chini kwenye godoro, kanga kichwani. Nikapiga magoti. Nikasema nina swali la maandishi ya Mwalimu. Mwanamke mmoja wa pembeni akaruka. "Jamani, mfiwa hasumbuliwi! Si mumuulize mtu mwingine?" Nikamwambia, samahani dada, swali hili ni lake. Nikamsogelea sikioni. "Mama, Mwalimu ameandika watoto wanne. Upendo anasema nimkosoe. Nimkosoe?"

Akaomba simu, akaisogeza machoni, akaisoma sentensi ile huku midomo inacheza. "Ameandika kweli?" akasema. Machozi yakaanza kumtoka hata kabla hajaendelea. "Kabla ya Upendo tulikuwa na Anaeli. Homa ya usiku mmoja. Tuliporudi kutoka kumzika, Mwalimu akaniambia, mke wangu, jina lile lisitajwe tena ndani ya nyumba hii, nitakufa. Nikakubali. Nguo zake alizichoma. Wewe ulipoanza kazi kule kwake hata mwaka ulikuwa haujapita." Akanirudishia simu. "Hawa watoto hawajui. Kumbe alikuwa anahesabu."

Nilibaki pale magotini. Nilikuwa naiona kalamu nyekundu, chai yenye utando, mgongo wa Mwalimu uliokataa kugeuka. Miaka yote nilidhani hakujua uchungu wa kuzika mtoto. Iliniuma, na sikuwa na pa kuipeleka, kwa sababu aliyestahili kuambiwa yuko kwenye sanduku nje. Nikamuuliza mama, niongeze jina la nne? Akatikisa kichwa. "Yeye hakuliweza. Usimwandikie." Basi nikaongeza nukta mbili zilizokosekana, nikasahihisha herufi moja ya jina la usharika, nikampa Upendo simu yake. Akaangalia. "Aunti, hujabadilisha." Nikamwambia soma kama ilivyoandikwa, mama yako ameona.

Akasoma chini ya turubai, jeneza mbele yake, maspika yanakoroma. Alisoma vizuri mpaka alipofika hapo. "Katika ndoa yetu Mungu alitujalia watoto wanne," akasema, na watu wakaanza kutazamana. "Upendo. Neema. Elisante." Akaishia hapo, akageuza uso kunitafuta mimi, amekasirika, kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Kutoka mkekani, katikati ya wanawake, bila maiki, Mama Upendo akasema kwa sauti ambayo hata wapishi waliisikia, "Na Anaeli."